Kubadilisha aina ya risasi: kundi limefunguka, ni uchafu wa mtutu au ni kitu kingine?

Shabaha_Malindi

Asalaam aleikum nyote. Nawaelekea wenye ujuzi wa mitutu, hasa nyinyi mnaoishi huku pwani ambako chuma na hewa haviivani.

Bunduki ya kwanza ni .22 LR (Long Rifle) ya bolti, yaani kifungio cha nyuma kinachovutwa kwa mkono, mtutu wa inchi 22, msokoto (mifereji ya ndani inayoizungusha risasi) wa mzunguko mmoja kwa inchi 16. Imezoea risasi za kasi ya kawaida, ledi tupu iliyopakwa nta, grein 40 (grein ni kipimo cha uzito wa risasi). Mita 50 kwa kuegemea mfuko wa mchanga, kundi la risasi tano, yaani upana wa eneo la matundu yake kwenye karatasi, hukaa kwenye milimita 18 hadi 20. Aina hiyo iliadimika dukani, ikabidi itumike ya kasi kubwa iliyopakwa shaba nyekundu. Kundi limepanda juu kama sentimita 3 na limefunguka hadi milimita 40. Ilipopatikana tena ile ya zamani, risasi za mwanzo zilitawanyika vilevile, kisha zikaanza kujirudi zenyewe.

Ya pili ni .308 ya mwenzetu. Alikuwa anatumia risasi za koti la shaba zenye ledi ndani, grein 168, akahamia za shaba tupu za uzito uleule. Mita 100 kundi limetoka milimita 30 kuwa 65. Amesugua mtutu kwa dawa ya kuyeyusha shaba, na kila kitambaa kinatoka na rangi ya buluu. Haiishi.

Maswali yangu: je, mtutu usafishwe hadi chuma kitupu kila unapobadilisha aina? Nitajuaje kwamba tatizo ni uchafu na si risasi yenyewe kutoelewana na bunduki? Na huku kwetu, mtutu ukishasafishwa hivyo, utahifadhiwaje usile kutu?

---

FundiMtutu

Waleikum salaam ndugu. Maelezo yako yamegusa mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kundi kuhama na kundi kufunguka. Tuanze na la kwanza.

Kuhama si uchafu. Piga hesabu uone. Risasi ya kasi ya kawaida hutoka mdomoni kwa takriban mita 327 kwa sekunde, ya kasi kubwa takriban 380. Ya kwanza hufika mita 50 kwa karibu sekunde 0.16, ya pili kwa karibu 0.14. Kwa muda huo ya kwanza imeshashuka sentimita 12 na kidogo, ya pili sentimita 9 na nusu. Tofauti ni sentimita 3, na ndizo hizo ulizoziona kwenye karatasi. Tena mtutu hutetemeka risasi inapopita, na risasi ya kasi nyingine hutoka mdomoni mtutu ukiwa mahali pengine pa mtetemo huo, kwa hiyo usishangae kundi likienda na pembeni pia. Dawa yake ni kliki za darubini, yaani kuirekebisha shabaha yake. Brashi haitasaidia kitu hapo.

Kufunguka ndiko kwenye maneno. Mtutu wa .22 haupigi vizuri ukiwa mkavu kabisa. Risasi za mwanzo huupaka ukuta wake utando mwembamba wa nta na masizi, na baada ya hapo kila risasi hupita juu ya utando ulio sawasawa. Kila aina ina kilainishi chake: nyingine nta kavu, nyingine grisi laini inayonata vidoleni. Ukibadilisha, risasi mpya inakuta utando usio wake, inaukwangua kidogo kidogo na kuweka wake. Katika kipindi hicho msuguano haufanani risasi moja hadi nyingine, kasi inapanda na kushuka, na matundu hujipanga kwa wima kuliko kwa upana. Mitutu mingi hutulia baada ya risasi 10 hadi 20, michache hutaka 30. Ndiyo sababu lile boksi la zamani lilianza vibaya kisha likajirudi. Mtutu ulikuwa unaondoa utando wa ile nyingine.

Lakini ile ya kasi kubwa ina mzigo wake mwingine. Kwa joto la nyuzi 30 kasi ya sauti hewani ni karibu mita 349 kwa sekunde. Risasi inayoanza na 380 hufika mita 50 ikiwa karibu 340, yaani imeuvuka mpaka wa kasi ya sauti njiani, na hapo huweza kuyumba. Za mashindano hubaki chini ya mpaka huo tangu mdomoni kwa makusudi. Kwa hiyo hata mtutu ukishatulia, usitarajie milimita 18 kutoka kwa risasi za kasi kubwa. Ukipata 25 au 30 umepata zilizo nzuri.

Namna ya kutofautisha ni hii. Safisha, piga risasi 15 za aina mpya bila kuzihesabia, kisha piga makundi manne ya risasi tano kwenye karatasi tofauti, na usiguse darubini hata kundi likikaa pembeni kiasi gani. Kundi moja halisemi kitu. Bunduki ileile na boksi lileile huweza kutoa 15 na 30 zikifuatana. Chukua wastani wa yote manne. Yakiendelea kupungua kutoka la kwanza hadi la nne, mtutu ulikuwa bado unazoea. Yakiwa mapana tangu mwanzo hadi mwisho, risasi hiyo haielewani na bunduki. Yakianza vizuri kisha yakazidi kupanuka, hapo ndipo mshuku uchafu. Na kabla ya yote hayo kaza skrubu za darubini na za kitako, kwa sababu skrubu iliyolegea huiga dalili zote hizi.

---

BintiAmu

Bwana Fundi amesema kweli. Naongeza ya .22, na moja nalipinga mapema kabla hajaja mtu kulishauri: usiusugue mtutu wa .22 kwa brashi ya shaba kila ukibadilisha boksi. Ledi ni laini na shinikizo la .22 ni dogo, mtutu mzuri huenda maelfu ya risasi bila kuchakaa. Kinachouharibu ni ufito wa kusafishia unaopindika ndani na kusugua ukingo wa mdomo. Ukingo huo ndio wa mwisho kuigusa risasi, na ukilika upande mmoja tu kundi halirudi tena.

Ninachoshauri ni mshipi. Chukua nailoni nene ya kuvulia, milimita 2, urefu wa mita moja na robo. Ncha moja ikate mshazari iwe kali. Nyingine iyeyushe kwa kiberiti na uibonyeze kwenye kitu bapa iwe kichwa kidogo kama cha msumari. Hakikisha bunduki ni tupu, toa bolti, toa magazini. Toboa kitambaa cha pamba cha sentimita 2 na nusu kwa ile ncha kali, kisukume hadi kikae kwenye kichwa, pitisha mshipi kutoka kwenye chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na uvute utokee mdomoni. Vitambaa viwili vyenye dawa ya kuondoa masizi, ngoja dakika tano, kisha vikavu vitatu au vinne. Nta ya zamani imetoka, mtutu haujakwaruzwa, na aina mpya itatulia kwa risasi 10 badala ya 25. Hicho ndicho kiasi cha usafi ninachokiona kinatosha kwa .22 unapobadilisha kilainishi. Ukitoka nta kwenda nta ya kiwanda kilekile, hata hicho si lazima.

Brashi ya shaba iache kwa sehemu moja: koo la mtutu, pale chemba inapoishia na misokoto kuanza. Hapo hujenga pete ngumu ya masizi, nta na vumbi la kioo, maana fataki (kiwashio cha risasi) nyingi za .22 huchanganywa na kioo kilichosagwa. Pete hiyo haitoki kwa kuvuta kitambaa. Lowesha brashi kwa dawa ya masizi, iingize kutoka nyuma hadi ikae kwenye koo, iache dakika kumi, kisha izungushe mizunguko sita au saba hapohapo bila kuipeleka mbele. Dalili zake: risasi inaingia kwa kusukumwa, na ukiitoa bila kuipiga ina mikwaruzo kuzunguka kichwa.

Anayechanganya .22 Short na .22 LR kwenye bunduki moja afikirie mara mbili. Ganda la Short ni fupi, huacha pete ya uchafu ndani ya chemba mbele ya mdomo wake, na LR inayofuata inakwama juu ya pete hiyo. Safisha chemba kabla ya kurudi kwenye LR.

Kuna dalili nzuri isiyogharimu kitu. Baada ya risasi 20, na bunduki ikiwa tupu na bolti iko nje, angalia uso wa mdomo wa mtutu kwa tochi. Utaona nyota: miale ya grisi ya kijivu inayotoka tunduni, mmoja kwa kila mfereji wa msokoto. Miale ikiwa sawa pande zote, kilainishi kinafika hadi mwisho wa mtutu. Upande mmoja ukiwa mkavu au una chembe za ledi zinazong'aa, kilainishi kinaisha njiani na ledi inajisugua kwenye chuma. Hapo ndipo kundi huanza vizuri halafu likaharibika risasi ya 30 au 40.

Na hapa Malindi na Amu kilainishi huisha kabla hata ya risasi kupigwa. Boksi likiachwa ndani ya gari juani, nta hulainika, huteremkia upande mmoja wa risasi na kushika karatasi ya boksi. Risasi hiyo ina nta nusu tu, nusu nyingine ni ledi tupu. Za grisi laini nazo hushika mchanga. Ikianguka moja kwenye mchanga, usiipangusie nguo ukairudisha kwenye magazini. Iweke kando. Punje moja ya mchanga ndani ya misokoto huchora mstari usiofutika.

---

Kaskazi308

Nachukua ya .308.

Kwanza hiyo buluu isiyoisha. Muulize mwenzako kichwa cha ufito wake, kile kinachobeba kitambaa, ni cha nini. Kikiwa cha shaba ya njano, dawa ya amonia inakiyeyusha chenyewe na kila kitambaa kitatoka buluu hadi kiama, hata mtutu ukiwa msafi kama kikombe cha kahawa kilichooshwa. Abadilishe atumie kichwa cha plastiki au cha alumini, na brashi iwe ya nailoni. Kipimo: dondosha dawa kwenye kitambaa, kifunge kwenye kile kichwa bila kukiingiza kwenye mtutu, subiri dakika tano. Kikigeuka buluu mezani, umeshampata mwizi.

Sasa sababu ya kundi kufunguka. Risasi ya koti huwa na koti la aloi, kwa kawaida asilimia 95 shaba na 5 zinki, nyingine 90 kwa 10. Ile ya shaba tupu ni laini zaidi kuliko aloi hiyo, nayo hugusa mtutu kwa urefu mkubwa zaidi, kwa hiyo huacha shaba kwa namna nyingine. Ikipita juu ya utando wa koti la zamani, hujishikiza penye vilima na kuacha mabonde, na mtutu hauwi sawa tena kwa ndani. Watengenezaji wa risasi za shaba tupu wenyewe husema mtutu uanze ukiwa chuma kitupu. Kwa hiyo jibu la swali lako, kwa .308 inayotoka koti kwenda shaba tupu au kinyume chake, ni ndiyo, safisha hadi chuma. Kutoka koti moja kwenda koti jingine inategemea mtutu; wa kawaida wa kiwandani wenye alama za mashine ndani hudai usafi kuliko uliolainishwa kwa mkono.

Utaratibu ninaouamini ni huu, na usiuchanganye mpangilio wake:

1. Bunduki tupu, bolti nje, mrija wa kuongozea ufito uingie nyuma ya chemba. Ufito uwe kipande kimoja. Ya kuunganishwa hushika uchafu kwenye viungo na kukwaruza.
2. Masizi kwanza. Vitambaa viwili vya dawa ya masizi, subiri dakika kumi, brashi ya shaba mara kumi kwenda na kurudi. Brashi itoke mdomoni yote kabla ya kuirudisha, usiigeuze ikiwa ndani. Vitambaa vikavu hadi weusi upungue, kisha kimoja cha spiriti ili mabaki ya shaba ya brashi yaondoke.
3. Shaba baadaye. Dawa ya amonia kwa brashi ya nailoni, dakika tano, kitambaa. Rudia. Soma muda kwenye chupa. Zile kali nyingi haziruhusu kupita dakika 15, zikikaa zaidi huanza kula chuma. Usiimimine juu ya dawa nyingine.
4. Weusi ukirudi baada ya buluu, usikate tamaa. Uchafu hukaa kwa tabaka, masizi juu ya shaba juu ya masizi. Rudi hatua ya pili, kisha ya tatu.
5. Buluu ikiisha, kitambaa cha spiriti, vikavu viwili, kisha kimoja chenye mafuta kidogo.

Kuhakikisha, mulika tochi mdomoni kwa pembe. Shaba huonekana kama michirizi ya rangi ya chungwa juu ya matuta ya misokoto, na mara nyingi mingi iko inchi chache za mwisho. Masizi yeye hupenda koo. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inatosha kuona vyote viwili.

Baada ya hapo mtutu wa .308 hutaka risasi tatu hadi tano, ule wenye ukwaru hadi kumi, ndipo uanze kupima. Asubiri mtutu upoe katikati ya makundi. Ukiushika usiweze kuvumilia mkono, huo si wakati wa kupima.

Lakini nina shaka kwamba 65 yote ni uchafu. Shaba ni nyepesi kuliko ledi: gramu 8.96 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 11.34. Risasi ya shaba tupu ya grein 168 ni ndefu kuliko ya koti ya grein 168, na risasi ndefu hutaka msokoto wa kasi zaidi ili isimame sawa hewani. Mtutu wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 huenda ukawa pembezoni. Wa inchi 10 hauna wasiwasi. Aangalie matundu kwenye karatasi. Yakiwa mviringo kamili, sawa. Yakiwa yai, risasi inafika ikiwa imeinama, na hakuna dawa ya chupa itakayolitibu hilo. Ashuke hadi grein 150 za shaba tupu, ambazo ni fupi.

La mwisho ni la usalama. Maganda ya viwanda tofauti hayalingani urefu kabisa. Mtutu uliopigwa aina moja muda mrefu hujenga pete ya masizi mbele tu ya mdomo wa ganda. Likija ganda refu kidogo, mdomo wake huingia kwenye pete, hubanwa, haufunguki vizuri kuiachia risasi, na shinikizo hupanda. Ukiona mkono wa bolti mgumu kuinua au fataki iliyobonyea bapa kabisa mara baada ya kubadilisha aina, acha kupiga siku hiyo na usafishe koo kwanza.

---

MzeeMokowe

Salaam wanangu. Mmesema ya masizi, nta na shaba. Iliyobaki ni chumvi, na huku kwetu ndiyo inayoua mtutu usiku mmoja.

Mtu anayebadilisha kati ya risasi za kisasa na zile za zamani za kijeshi, mathalani za .303 zilizokaa sana ghalani, ajue fataki zake. Nyingi za zamani zina klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha kloridi ya potasiamu ndani ya mtutu, nayo ni ndugu wa chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huanza kunyonya maji ya hewa na kuyeyuka unyevu ukifika kama asilimia 84. Chumvi ya bahari huanza mapema zaidi, asilimia 75. Hewa ya Lamu na Malindi usiku hufika huko bila shida. Asubuhi unakuta kutu ya rangi ya machungwa kwenye misokoto, na kutu huacha vishimo vinavyokwangua shaba kwenye kila risasi utakayopiga baadaye. Mtutu wa namna hiyo hauachi kushika uchafu tena.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kumwaga mafuta juu ya chumvi. Mafuta hayayeyushi chumvi, huifunika tu. Chumvi huyeyushwa na maji. Siku hiyohiyo uliyopiga, kabla ya kufika nyumbani ukiweza, pitisha vitambaa vitatu au vinne vilivyolowa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, au mimina maji ya moto kwa faneli kutoka kwenye chemba. Pangusa uso wa bolti na chemba kwa maji pia, moshi hufika huko. Kausha hadi kitambaa kitoke kikavu, kisha spiriti, kisha mafuta. Watu husifu sabuni ya vioo yenye amonia. Kinachofanya kazi mle ni maji. Hujui kama fataki ni za aina hiyo? Zihesabu kuwa ni za aina hiyo. Maji hayana gharama.

Risasi za zamani kabisa zilikuwa na koti la shaba iliyochanganywa na nikeli, ambalo liliacha mabonge mtutuni. Wamarekani walijaribu mwaka 1921 kupaka risasi za mashindano bati ili kulikwepa hilo. Wapigaji wakaendelea na mazoea ya kuchovya risasi kwenye grisi, na bati pamoja na grisi vikapandisha shinikizo hadi kuwa hatari. Baadaye koti la shaba na zinki ndilo lililobaki. Nayasema haya kwa sababu bado wapo wanaopaka risasi mafuta kwa kudhani wanazuia kutu. Msipake. Risasi iingie kavu, na chemba iwe kavu. Ganda lenye mafuta halishiki ukuta wa chemba, na nguvu yote humwangukia bolti.

Kuhifadhi: sefu isiegemezwe ukuta wa mawe ya matumbawe, maana kuta zetu hunyonya maji na kuyatoa polepole mwaka mzima. Iache na nafasi ya kiganja nyuma. Mtutu uelekee chini ili mafuta yasiteremkie kwenye bolti na kitako. Ndani weka pakiti za silika, zioke upya zikibadilika rangi. Usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wake wa kitambaa, huo ni wa kusafiria tu na hushika unyevu. Anayevuka kutoka Mokowe kwenda Amu kwa boti aifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, na akifika apanguse nje yote hata kama haoni tone, kwa sababu rasharasha za kusi hukauka na kubaki chumvi. Na wenye vyumba vya kiyoyozi huko Malindi: bunduki baridi ikitolewa nje kwenye hewa ya moto hutoa jasho ndani na nje ya mtutu. Iache kwenye mfuko uliofungwa nusu saa ipate joto kwanza.

---

Shabaha_Malindi

Shukran sana mzee wangu, dada, na nyote. Mwenzetu wa .308 amekiri kichwa cha ufito ni cha shaba ya njano, na msokoto wa mtutu wake ni wa mzunguko mmoja kwa inchi 12. Kipimo cha mezani kimetoa buluu kama mlivyosema.

Nimebaki na mambo mawili. Risasi tunazoruhusiwa kununua na kushika zimeandikwa kwenye cheti, kwa hiyo siwezi kutumia mamia kujaribu. Je, boksi moja la 50 linatosha kuhukumu aina moja ya .22? Na yale mafuta ya kuhifadhia, yakiachwa mtutuni yanaharibu risasi ya kwanza kwa kiasi gani?

---

FundiMtutu

Boksi la 50 linatosha ukiligawa hivi. Kwanza vuta vitambaa vya Binti Amu kwenye mtutu. Risasi 15 za kuzoeza mtutu, zipige kwenye karatasi moja na uiweke, utaona zinavyokusanyika kadiri unavyoendelea. Kisha makundi sita ya risasi tano, hizo ni 30. Zinabaki tano za kulengea upya darubini ukiamua kuwa aina hiyo inakufaa. Andika kwenye kila karatasi namba ya toleo iliyo kwenye boksi, joto, upepo ulikotoka, na kundi la ngapi tangu usafi. Namba ya toleo usiidharau: jina lilelile la risasi, toleo jingine, huweza kupiga tofauti kabisa. Ukipata toleo linaloelewana na bunduki yako, nunua kiasi chote ambacho cheti kinaruhusu.

Usipige aina mbili kwa kubadilishana, tano za hii tano za ile. Utakuwa unapima utando wa ile nyingine kila mara. Maliza moja, vuta vitambaa, anza nyingine.

Mafuta: kabla ya kupiga, vitambaa viwili vikavu kwenye mtutu na kimoja kwenye chemba, hata kama uliweka tone moja tu. Mafuta yakibaki, risasi ya kwanza huenda kando ya kundi, na ya pili wakati mwingine. Hata ukikausha vizuri, risasi ya kwanza ya mtutu baridi na safi huwa na mahali pake, kwa hiyo iwekee karatasi yake mwenyewe kila unapofika uwanjani. Baada ya mara kadhaa zirundike karatasi hizo juu kwa juu, matundu yatakuonyesha iwapo ile ya kwanza huenda mahali pamoja siku zote au hutangatanga. Ikienda mahali pamoja, ni tabia ya mtutu. Ikitangatanga, mafuta hayajakaushwa sawasawa.

---

BintiAmu

Na mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula chochote, ledi hubaki vidoleni na kwenye vile vitambaa. Ukisikia mtu anashauri siki na haidrojeni peroksaidi kuondoa ledi mtutuni, mkatae. Inayotoka ni chumvi ya ledi inayoyeyuka, yaani sumu inayopenya kirahisi, na mchanganyiko huo huchoma chuma cha mtutu ukisahaulika dakika chache. Ledi ikiwa imeshika kweli, hapo tu naikubali brashi ya shaba ndani ya mtutu: ilowe dawa ya masizi, mipito kumi, halafu tazama kwa tochi.